Mitishamba kwenye chakula cha kuku na nguruwe: tumia mizani

Kazi yangu ni kuchanganya chakula cha mifugo, na wengi wanaoniuliza kuhusu mitishamba huniuliza wakiwa wamechelewa. Kuku wameshaanza kuzubaa, mabawa yamelegea, naye mfugaji anataka jani la kuwaponya. Jani hilo halipo. Hakuna mti wa shambani unaoponya kideri wala Gumboro, magonjwa ya virusi ya kuku, na homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba ya aina yoyote. Kideri na Gumboro huzuiwa kwa chanjo. Homa ya nguruwe huzuiwa kwa kufunga mlango wa banda, kutolisha mabaki ya nyama ya nguruwe, na kutoingiza mnyama usiyemjua alikotoka.

Mitishamba ninayoeleza hapa ni kiungo cha chakula cha mnyama ambaye bado ni mzima, anakula vizuri na analala pakavu. Kwake kiungo hicho kina kazi. Harufu na ukali wa majani huamsha mate, nyongo na vimeng'enya vya tumboni, kwa hiyo chakula husagika vizuri zaidi. Mafuta yenye harufu yaliyomo ndani ya majani hayo huwabana baadhi ya bakteria wabaya wa utumbo. Faida yake ni ndogo ndogo, lakini ya kila siku: kinyesi kinashikana, kundi linakua kwa usawa, na haja ya kufungua pakiti ya dawa inapungua.

Hilo la pakiti ya dawa ndilo linalonifanya niandike. Kwa miaka mingi antibayotiki zimetiwa kwenye chakula kwa dozi ndogo ili mnyama akue haraka, si kwa sababu anaumwa. Sweden ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kabisa tarehe 1 Januari 2006. Walikuwa na sababu. Bakteria wanaozoeshwa dawa kidogo kidogo hujifunza kuihimili, na hawabaki bandani. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kuwa wamekuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa hospitalini jeni iitwayo mcr-1, inayowawezesha bakteria kuishinda kolistini. Hiyo ni dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa mgonjwa aliyeshindikana na dawa nyingine. Kuitumia ili nguruwe anenepe wiki mbili mapema ni deni ambalo mtoto wa mtu mwingine atalilipa wodini.

Mimea michache, uijue vizuri

Usianze na mimea kumi. Ukichanganya kumi, kuku wakistawi hujui ni upi uliosaidia, na wakiharisha hujui ni upi uliowaumiza. Kwa sehemu kubwa mimi natumia mitatu: kitunguu saumu, manjano na oregano.

Kitunguu saumu kina siri moja inayowapita wengi. Punje ikiwa nzima haina ile nguvu tunayoitafuta. Ndani yake kuna kiini kiitwacho aliini na kimeng'enya kiitwacho alinesi, kila kimoja kwenye chumba chake. Ukiponda au ukikata, viwili hivyo vinakutana na kuzaa alisini, ndiyo ile harufu inayopanda puani, na ndiyo inayopambana na bakteria. Kwa hiyo ukitumia kibichi, kiponde, kiache dakika kumi hivi, ndipo uchanganye. Moto huua kimeng'enya hicho, hivyo kukitia kwenye sufuria ya chakula cha nguruwe kinachochemka ni kupoteza kitunguu. Anayepika chakula cha nguruwe asubiri kipoe kwanza. Kwa unga mkavu, gramu 5 kwa kilo moja ya chakula zinatosha, na sivuki gramu 10. Kuku wa mayai nawapa gramu 3 tu, maana kikizidi mayai hubadilika ladha. Vitunguu vya jamii hii vikitolewa kwa wingi huharibu chembe nyekundu za damu, na mnyama huishiwa damu.

Manjano nanunua mizizi mizima na kusaga mwenyewe. Unga wa manjano unaouzwa ukiwa umesagwa umewahi kukutwa umetiwa kromati ya risasi ili ung'ae, na risasi ni sumu inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye yai na nyama. Kiini chake, kurkumini, huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo kukoroga manjano kwenye maji ya kunywa ni kazi bure: unga unatua chini ya chombo na kuacha rangi. Kitie kwenye chakula chenye mafuta kidogo, kwa mfano chenye mashudu ya alizeti. Kipimo ni gramu 3 hadi 5 kwa kilo. Mwanga hukila kiini hicho, kwa hiyo unga ukae kwenye chombo kisichopitisha mwanga.

Oregano, na ndugu yake thaimu, ina vitu viwili vyenye nguvu kweli: kavakroli na thaimoli. Hivi hutoboa ngozi ya bakteria, na ndiyo maana mimea hii imefanyiwa majaribio mengi kwa kuku na kwa watoto wa nguruwe kuliko mingine. Vuna maua yanapoanza tu kuchanua, kwa sababu hapo ndipo mafuta yake yamejaa. Majani makavu yaliyosagwa, gramu 2 hadi 5 kwa kilo. Ukinunua mafuta yake yaliyokamuliwa, hesabu inabadilika kabisa: hapo tunasema gramu 10 hadi 30 kwa kilo 100 za chakula. Mafuta hayo yasiguse mdomo wa mnyama bila kuzimuliwa, yanaunguza.

Asiye na oregano atumie mrehani au kivumbasi, ambavyo navyo vina mafuta ya jamii ya karibu. Tangawizi inafaa kwa kipimo cha manjano. Habasoda nayo ni nzuri, gramu 10 kwa kilo, ila iwe imesagwa punde tu, kwani mafuta yake huchacha haraka.

Mlonge nauweka kando kwa sababu ni chakula hasa. Majani yake makavu yana protini karibu robo ya uzito wake, kwa hiyo ukiyatia unapaswa kupunguza chanzo kingine cha protini, la sivyo hesabu ya lishe inavurugika. Gramu 50 kwa kilo ni sawa kwa kuku, na kiini cha yai kinakuwa cha njano iliyokolea. Ukifika gramu 100 kwa kuku wa nyama, nyuzinyuzi zinazidi, kuku anashiba kabla ya kupata nguvu anayohitaji, na ukuaji unarudi nyuma.

Mwarobaini unasifiwa mno kuliko unavyostahili chakulani. Ni mchungu, hupunguza hamu ya kula, na ukizidi huumiza ini. Sitii mbegu zake kabisa. Majani nakubali gramu 2 kwa kilo, kwa siku chache, na kamwe simpi jogoo wa mbegu, dume la nguruwe wala nguruwe mwenye mimba, kwa sababu mti huu unajulikana kugusa uzazi. Na artemisia? Ina uwezo fulani dhidi ya vimelea vya kuhara damu kwa kuku, hilo ni kweli. Lakini kiini chake, artemisinini, kilichogunduliwa na mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake miaka ya 1970, ndiyo nguzo ya dawa za malaria za leo. Kuimwaga kwenye chakula cha kila siku naona si haki.

Kukausha ndiko kunakoharibu au kujenga

Ukiniuliza ni wapi mitishamba mingi inapoharibika, nitasema kwenye kukausha. Jua kali hunyausha rangi na kupeperusha ile harufu uliyoifuata. Unyevu nao huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Kuvu wa aina ya Aspergillus flavus akishatoa sumu yake, kukausha tena hakuiondoi, na moto wa kawaida hauivunji. Utakuwa umechukua jani la kulinda ini la kuku na kulifanya sumu ya ini hilo hilo. Wafuga bata wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa bata hawahimili sumukuvu hata kidogo.

Osha mizizi, katakata vipande vyembamba vya milimita 2 au 3, vitandaze kwenye wavu ulioinuliwa, kivulini, mahali penye upepo. Majani yafunge mafungu madogo na kuyaning'iniza, au uyatandaze safu moja. Geuza kila siku. Jani likiwa tayari husagika ukilifikicha kwa vidole, na kikonyo chake huvunjika kwa mlio, kikipinda bado. Kipande cha kitunguu saumu kikavu kinakatika, hakinyumbuki. Kwa uhakika zaidi tia konzi moja kwenye chupa ya kioo, funga, weka juani kwa muda. Ukiona ukungu wa maji ndani ya kioo, rudisha wavuni.

Jipange kwa uzito. Kilo 1 ya majani makavu hutokana na kilo 4 au 5 za mabichi, na tangawizi au manjano hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kitunguu saumu kina maji machache kidogo, kilo 3 hutoa moja. Anayesoma kipimo cha unga mkavu akatia kibichi gramu zile zile anatoa robo ya dozi, halafu anasema mitishamba haifanyi kazi.

Hifadhi vipande vikiwa vizima, saga kiasi cha wiki mbili tatu tu. Andika tarehe kwenye chombo. Baada ya miezi sita natupa kilichobaki kwenye mboji.

Kuchanganya kilo mia moja

Tuseme ni chakula cha kuku wanaokua. Kitunguu saumu gramu 500, manjano gramu 300, oregano gramu 200. Jumla kilo 1 ndani ya kilo 100, yaani gramu 10 kwa kila kilo, na huo ndio mpaka wangu kwa mitishamba yote ikijumlishwa, mlonge ukiwa nje ya hesabu. Tumia mizani ya gramu. Kijiko na kiganja havifai hapa, kwa sababu unga wa oregano ni mwepesi na wa manjano ni mzito, na kijiko kimoja hakibebi uzito sawa.

Sasa usimwage kilo hiyo moja juu ya lundo na kuanza kupiga beleshi. Utapata kuku wawili waliokula kitunguu kitupu na kumi ambao hawakuonja kitu. Chukua kilo 1 ya mitishamba na kilo 1 ya pumba kwenye ndoo, koroga hadi rangi iwe moja. Hizo ni kilo 2. Ongeza kilo 2 za pumba au chakula, changanya. Kilo 4, ongeza 4. Kilo 8, ongeza 8. Ukifika kilo 16 ndipo unaitandaza juu ya kilo 84 zilizobaki kwenye turubai safi, na kugeuza lundo lote kwa beleshi, kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kurudi, mara nne.

Manjano hapa yanakusaidia kukagua kazi yako. Chota konzi tano kutoka sehemu tano za lundo: juu, chini kabisa, na pembeni. Ziweke zikifuatana kwenye karatasi nyeupe, zisawazishe kwa kiganja, kisha uinamie uzitazame kwa karibu. Chembe za njano zinapaswa kuwa na msongamano unaolingana katika konzi zote. Konzi iliyotoka chini mara nyingi huwa imekolea, maana unga laini hupenya kati ya punje na kushuka. Ikiwa imekolea, geuza tena. Kutia kijiko cha mafuta ya kula kwenye zile kilo 2 za kwanza hushikiza unga kwenye pumba usishuke, na kurkumini nayo inapata mafuta ya kuyeyukia.

Chakula kilichochanganywa kiishe ndani ya siku kumi hadi kumi na nne. Kuku wa mayai anakula takriban gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 100 wanamaliza kilo 100 kwa siku nane hivi. Mwenye kuku 20 achanganye kilo 25, na mitishamba iwe gramu 250.

Naulizwa sana kuhusu kutia mitishamba kwenye maji. Sipendelei. Maji ya majani huchacha ndani ya siku moja, huziba chuchu za mabomba, na hujui nani amekunywa kiasi gani. Siku ya chanjo ya maji ndiyo kabisa: toa mitishamba kwenye maji siku moja kabla na urudishe siku moja baada yake. Chanjo hai inataka maji safi yasiyo na kitu kingine.

Nguruwe hawadanganyiki

Kuku ana vionja ladha mia chache tu, na hausikii ukali wa pilipili, kwa hiyo pilipili kidogo kwenye chakula chake haimsumbui. Nguruwe ana vionja ladha vinavyokaribia 15,000, na pua ya kutambua mzizi ulio chini ya udongo. Ukimwekea chakula chenye harufu mpya hakimbilii. Anaingiza pua, anapuliza, anasukuma chakula hadi ukingoni mwa kihori, analamba kidogo na kurudi nyuma. Ukiona hivyo usizidishe. Anza na nusu ya kipimo cha kuku kwa wiki moja, kisha upande taratibu. Pilipili na mwarobaini kwa nguruwe naviacha.

Wakati wenye faida kubwa kwa nguruwe ni kuachishwa kunyonya, siku ya 21 hadi 28 au zaidi. Mtoto anatolewa kwa mama, anachanganywa na wasiomjua, anapewa chakula kikavu, na tumbo lake bado halitoi asidi ya kutosha. Bakteria aina ya E. koli wanapata nafasi, na unaona kuhara kwa majimaji. Oregano na kitunguu saumu vianze wiki moja kabla ya siku hiyo, kwenye chakula kidogo cha kuwazoesha wanapokuwa bado na mama, ili harufu isiwe ngeni siku ya kuachishwa. Endelea wiki mbili baada yake. Lakini joto la mahali pa kulala na usafi wa sakafu vinabeba zaidi ya nusu ya mzigo huo, na mtoto anayeharisha hadi macho yamezama anahitaji maji yenye chumvi na sukari, na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kuhusu minyoo, mbegu za maboga na za papai zina nguvu kiasi. Hata hivyo jike mmoja wa mnyoo mkubwa wa nguruwe hutaga mayai laki kadhaa kwa siku, na mayai hayo hukaa ardhini kwa miaka. Tumia dawa ya minyoo iliyothibitishwa, pima kinyesi, safisha banda. Mbegu za maboga ziwe nyongeza. Tumbaku ambayo watu wanaitia kwenye maji ya kuku ili kuua minyoo ni sumu ya nikotini, naomba iachwe.

Na kuna mimea isiyopaswa kuukaribia mfuko wa chakula hata kama inaota mlangoni: nyonyo, mbono kaburi, lantana, majani ya mparachichi, ambayo huua ndege kwa kuharibu moyo, na komfrei, inayosifiwa kama lishe ya bure ya nguruwe huku ikichoma ini polepole. Usivune kando ya barabara wala kwenye shamba lililopuliziwa dawa. Mmea usioujua kwa jina, maua na mbegu zake, acha.

Utajuaje kama inasaidia

Gawa kundi mara mbili. Umri mmoja, banda moja lililotenganishwa na wavu, chakula kile kile; upande mmoja una mitishamba, wa pili hauna. Pima chakula kinachoingia na kinachobaki, pima uzito wa kuku kumi wale wale kila wiki, waliofungwa alama mguuni. Mwishoni gawanya kilo za chakula kilicholiwa kwa kilo za uzito ulioongezeka. Kwa kuku wa nyama, upande uliokula kilo 90 na kuongeza kilo 50 una 1.8, uliokula 85 kwa kilo zile zile una 1.7, na namba ndogo ndiyo bora. Hapo toa gharama ya mitishamba, pamoja na saa zako za kukausha na kusaga, uone kama kinabaki kitu.

Kila asubuhi, kabla ya kufagia, angalia kinyesi. Cha kuku mwenye afya kinashikana, cha kijivu au kahawia, chenye kofia nyeupe juu. Mara chache kwa siku utaona kingine cha kahawia kilaini chenye harufu kali. Hicho hutoka kwenye utumbo kipofu, ni cha kawaida, wala usikitafutie dawa. Vipande vya chakula vinavyoonekana vizima vinasema usagaji haujakaa sawa. Rangi ya chungwa, utelezi au damu ni dalili ya kuhara damu, na hapo mitishamba inasimama: chukua kinyesi hicho kwenye chombo safi, kipeleke kwa daktari wa mifugo, umtajie kila mmea uliokuwa unautia na gramu zake, maana baadhi hugongana na dawa atakayotoa.

Pande mbili za banda zikitoka sawa kwa makundi mawili mfululizo, toa mmea mmoja kwenye mchanganyiko na upime tena. Kwangu tangawizi ilitoka kwa njia hiyo. Kuku hawakuonyesha tofauti yoyote, na kilo zilizokuwa zinakwenda kwenye mashine ya kusaga sasa naziuza mbichi.